Mchemsha Maji wa Mkomani

23 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya chai, si kwa ajili ya maisha yangu. Maisha yangu hayana la kuandikwa: nina miaka sitini na sita, magoti mawili yanayolalamika kwa zamu, na mke, Bi Safaa, anayelalamika bila zamu. Lakini leo nimepewa kazi, na kazi hii inataka maandishi.

Mpangaji wetu wa orofani, Mwalimu Bochaberi, aliteremka baada ya alasiri na kopo la bati mkononi. Kwao ni Nyamira, bara huko kwenye vilima vya chai. Mama yake, Bi Nerea, na wanawake wenzake kumi wameanzisha kikundi. Wamechoka kuuza majani mabichi kwa kilo. Sasa wanayachuma, wanayanyausha, wanayasokota kwa kimashine chao kidogo na kuyakausha wenyewe, yakiwa majani mazima, si zile punje tunazonunua dukani. Kuna hoteli moja ya Nairobi inayotaka sampuli kabla ya katikati ya Juni. Ikiipenda, kikundi kimesimama. Isipoipenda, kimashine kitauzwa na kila mtu atarudi kwenye kilo zake.

"Mzee, nimesikia ulikuwa mwonja chai Mombasa miaka thelathini," akasema. "Mama anaomba utuambie kasoro kabla hoteli haijatuambia."

Mzee! Nimemwambia mara ngapi, hapa mtu huitwa Bwana. Lakini kopo nilipokea kwa mikono miwili.

24 Machi

Nimeonja. Kwanza nikayatazama yakiwa makavu: meusi, marefu, yamejisokota vizuri. Nikatia pua ndani ya kopo, nikasikia harufu ya asali na zabibu. Nikajisemea, hawa wanawake wanajua.

Kisha nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya kazini. Kikombe cheupe, kijiko kimoja cha majani, maji yaliyotoka motoni sasa hivi yakitokota, kifuniko juu, dakika sita kwa saa. Maji ni ya kisima chetu hapa ndani, kisima cha babu yangu, ambacho Mkomani nzima, hapa Lamu, yajua utamu wake. Nikachuja, nikachota kwa kijiko, nikavuta kwa kishindo ili chai ienee mdomo mzima.

"Wavuta kama punda," akasema Bi Safaa kutoka jikoni.

Matokeo nayaandika kama yalivyo. Rangi imelala, haina mng'aro. Utando mwembamba juu. Harufu yaanza vizuri kisha yakata. Ladha butu, kama mtu aliyeitwa akatoa kichwa mlangoni na kurudi ndani. Kasoro: nadhani majani hayakunyaushwa vya kutosha kabla ya kusokotwa.

Nimesikitika. Harufu ile ya kopo iliniahidi makubwa.

26 Machi

Nimeona haya kuandika uongo hata kwenye daftari ambalo halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme. Sikuwa mwonja chai. Kampuni niliyofanyia kazi Mombasa ilikuwa na waonjaji wanne, mabwana wenye makoti meupe, na mimi nilikuwa mchemsha maji. Nilipanga vikombe, nikapima majani, nikachemsha birika, nikamimina, nikaosha. Miaka thelathini na mmoja. Vikombe mia mbili kwa asubuhi moja wakati wa mnada. Mabwana wakishatoka, nilionja nyuma yao na kulinganisha nililoonja na walichoandika, na mwisho nilikuwa nikipatia mara tisa katika kumi. Nani alijua? Hakuna.

Niliporudi Lamu, jirani yangu Ubaid, mchonga milango, alinikaribisha barazani kwa sauti kubwa: "Karibu, mwonja chai wetu!" Nikanyamaza. Kunyamaza siku ya kwanza ni rahisi. Siku ya pili mwonja limekuwa jina lako.

Bi Safaa anajua. Hajaitoboa siri yangu hata mara moja, na hilo pia sijawahi kumshukuru.

2 Aprili

Shule zimefungwa. Bochaberi ameondoka na mashua ya asubuhi kwenda kupanda basi Mokowe. Nimempa barua ya kurasa mbili kwa mama yake. Nimeeleza kunyausha: majani yatandazwe zaidi, yakae saa nyingi zaidi, mpaka bua likunjike bila kuvunjika. Mwishoni nikatia sahihi: Ridhwani, Mwonja Chai (Mstaafu).

Mkono ulisita kidogo kwenye "Mwonja". Kidogo tu.

9 Aprili

Joto. Mvua haijaonyesha hata dalili.

16 Aprili

Barazani leo tumezungumza chai mpaka magharibi. Ubaid aliuliza kama chai ya kijani ni mti mwingine. Nikamwambia mti ni mmoja. Jani ni lile lile, ila la kijani hupigwa moto mapema lisigeuke, na hili letu jeusi huachwa lisokotwe, litoe maji yake, lipigwe na hewa mpaka liwe jekundu kama shaba ndipo likaushwe. Nikamwambia asili yake Uchina, ikaja Bara Hindi, na kwetu Kenya ilianzia Limuru zaidi ya miaka mia iliyopita.

"Na maziwa yalianzia wapi?" akauliza.

"Maziwa ni balaa iliyoingia kati."

Akacheka hadi akashika mbavu. Yeye hunywa ya maziwa, tangawizi, iliki na sukari vijiko vinne. Chai isiyo na maziwa, ambayo sisi huiita ya mkandaa kwa kuwa rangi yake ni kama maji ya lile gome la mikoko, yeye huiona ni ya matanga na wagonjwa wa tumbo. Nikasema siku moja nitamnywesha ya mkandaa mpaka aombe tena. Nilikuwa na furaha. Watu walinisikiliza kama hakimu.

26 Aprili

Bochaberi amerudi, amechoka, miguu imevimba kwa basi. Ameleta kopo la pili, lililotengenezwa kwa kufuata barua yangu. Na ameleta kitu cha ajabu: dumu la lita tano la maji.

"Maji?" nikasema.

"Ya chemchemi yetu ya nyumbani. Mama amesema uonje chai yake na maji yake."

Jamani! Mtu atoke Nyamira na maji, apande mabasi matatu, avuke bahari, aniletee mimi maji! Mimi nifunzwe maji, mimi ambaye... Basi. Nilimshukuru kwa adabu, nikalitia dumu chini ya ngazi, nyuma ya majembe.

"Si ulionje," akasema Bi Safaa.

"Maji ya kisima cha babu yangu yana kasoro gani?"

Akanitazama kwa mato yake yale, kisha akaendelea kupepeta mtele.

27 Aprili

Kopo la pili. Harufu kavu imepungua kuliko ya kwanza. Kikombeni hali ni ile ile: rangi imelala, utando juu, ladha butu, na sasa kuna uchungu kidogo wa majani yaliyochoka. Nimemwandikia Bi Nerea kwa simu ya mwanawe: huenda kusokota ndiko kwenye shida, wapunguze nguvu ya mashine.

Akajibu neno moja: "Sawa."

5 Mei

Bado hakuna mvua. Kisima kimeshuka, kamba imeongezwa pima moja. Bi Safaa asema mai yamekuwa mazito. Mimi sioni tofauti.

11 Mei

Kopo la tatu limekuja na basi, siku nne njiani. Ni baya kuliko yote. Majani yamevunjika, harufu ni ya nyasi zilizolala. Nimeonja mara tatu nikitumaini nimekosea. Nimeandika: "Kwa maoni yangu, chai hii haijafikia kiwango cha kwenda hotelini." Nikatuma.

Nilijua nafanya kazi ngumu kwa uaminifu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

12 Mei

Bochaberi amenipita ngazini bila kusema "Shikamoo". Nimezoea kuisikia.

17 Mei

Mvua! Imeanza alfajiri, si ya kunyunyiza bali ya ndoo. Mtaa mzima umetoka na vyombo. Bi Safaa ametega sufuria, mabeseni na hata karai la kufulia chini ya mlizamu, pale maji ya paa yanapomwagikia uani. Kwao ni Mbwajumali, kisiwani Pate, na kwao maji ya kunywa ni ya mvua, huhifadhiwa kwenye jabia, lile tangi la mawe, mwaka mzima. Kila masika mke wangu huwa kama mtoto. Leo alisimama chini ya mlizamu na kanga yake, akilowa na kuteka. Mwanamke wa miaka sitini. Nilimtazama kutoka dirishani muda mrefu.

18 Mei

Paa lavuja juu ya kitanda, upande wangu.

19 Mei

Na upande wake. Haki imetendeka.

22 Mei

Bi Safaa amenipa habari, maana mimi siambiwi. Kikundi cha Nyamira kimegawanyika. Wanawake wawili wameondoka wakisema Bi Nerea amewapotezea msimu kwa kufuata maneno ya mtu wa pwani ambaye hawamjui. Waliobaki watakaa Jumamosi ijayo, tarehe thelathini, waamue kama kimashine kiuzwe.

Nilisema chai ni mbaya, si kosa langu. Nilisema hivyo mara mbili, na Bi Safaa hakuwa amebisha.

27 Mei, Idd

Nimeswali, nimekula pilau, nimecheka na watu. Lakini andiko la leo ni refu, na magoti yasubiri.

Baada ya adhuhuri walikuja Ubaid na mkewe na watoto wao kutoa mkono wa Idd. Bi Safaa akatoa kaimati na vileja, na birika la chai ya mkandaa, kwa kuwa maziwa yalikwisha kwa wageni wa asubuhi. Ubaid akaniangalia kwa huruma ya mtu aliyeletewa dawa. Akanywa kwa adabu. Akanywa tena. Kisha akasukuma kikombe mbele.

"Bi Safaa, niongeze. Hii ni nini?"

Nami nikanywa. Wallahi! Chai ilikuwa inang'aa ndani ya kikombe, naona hadi ua lililochorwa chini. Hakuna utando. Asali ile, zabibu zile, zote zilizokuwa kwenye kopo siku ya kwanza, zilikuwa mdomoni mwangu, na zilikaa, hazikukata. Nilikunywa chai kama hii labda mara kumi katika miaka thelathini na mmoja.

Wageni walipotoka nikamfuata jikoni.

"Safaa, majani haya umeyatoa wapi?"

"Ni yale ya mama yake Mwalimu, ya kopo la kwanza. Si ulisema hayana maana? Nimeyapika nisiyatupe."

"Umetia nini?"

"Sikutia kitu. Mai tu, ya mvua."

Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Yeye akaendelea kuosha vikombe, na bila kugeuka akasema: "Nilipoolewa hapa, mwaka mzima sikuweza kunywa chai ya nyumba hii. Nilikuwa nalia. Nilimwambia mamako, mai haya yana chumvi. Akanambia, utazoea. Na kweli, nikazoea."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Kisima cha babu yako. Nani angekwambia?"

Nikaenda chini ya ngazi, nikatoa majembe, nikatoa dumu. Nikapanga vikombe vitatu vyeupe mezani kama zamani. Majani ya kopo la kwanza, kijiko kimoja kila kikombe. Cha kwanza maji ya kisima. Cha pili maji ya mvua. Cha tatu maji ya chemchemi ya Nyamira. Dakika sita. Bi Safaa akaja na kitambaa cha vyombo begani, akasimama kutazama.

Cha kwanza: kimelala, na utando juu. Cha pili: kinang'aa. Cha tatu: kinang'aa, na harufu ikapanda kabla sijainama.

Nikaonja cha kwanza tena, maji niliyonywa tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu. Kwa mara ya kwanza maishani nikasikia chumvi yake. Nimeishi na chumvi hiyo hadi ulimi umeifanya ndio utamu. Kule Mombasa maji ya kuonjea yalipitishwa kwenye mtungi wa kuchuja, na mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha kile kichujio kila mwezi kwa mikono yangu. Kazi yangu ilikuwa maji! Waonjaji walijua chai, mimi nilijua maji, na hilo moja nililolijua ndilo nililolisahau, kwa kuwa nilitaka kuitwa mwonja.

Nililia. Niandike tu, nililia, mbele ya mke wangu, siku ya Idd. Kule Nyamira watu wameharibu chai nzuri kwa ajili ya barua zangu, na wawili wamekosana na wenzao.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Bi Safaa akasema. Kisha akaniletea kaimati.

28 Mei

Usingizi haukuja. Baada ya alfajiri nikachemsha maji ya mvua, nikapika kopo la kwanza lililobaki, nikajaza themosi. Bochaberi alikuwa ametoka mapema. Nikachukua mwavuli, nikaenda shuleni kwa miguu, mvua ikinipiga ubavuni na vichochoro vikitiririka hadi vifundoni.

Chumba cha walimu kilikuwa na watu sita. Nikaomba vikombe. Mwalimu mmoja, Kirimi, mtu wa Meru, akachungulia akasema: "Mzee, hii strungi maziwa yamepotelea wapi?" Nikammiminia bila kujibu. Alipokunywa hakuuliza tena habari za maziwa.

Bochaberi alikunywa akafumba macho.

"Hii ni ya nyumbani," akasema. "Hii ni ya Mama."

"Ni ya Mama. Kopo la kwanza. Halikuwa na kasoro hata chembe. Kasoro ilikuwa maji yangu."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Lakini Mama alikutumia maji."

"Yalikaa chini ya ngazi mwezi mzima. Sikuyafungua."

Nilikuwa nimepanga kusema hayo tu na kuondoka, lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikasema na lililobaki, mbele yao wote: "Na tena sikuwa mwonja chai. Nilikuwa mchemsha maji wa waonjaji. Nilimdanganya mama yako kwa sahihi yangu."

Bochaberi hakunipigia kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alitoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje, akaisukuma mezani mbele yangu.

Nikaeleza. Kule upande wa pili nikasikia jogoo, na mtu akikata kuni. Nilipomaliza, zamu ikawa ya Bi Nerea.

"Bwana Ridhwani," akasema. Yeye ni wa kwanza kutoka bara kuniita Bwana, na leo sikustahili. "Kwa sababu ya karatasi zako nimeyaacha majani siku mbili mpaka yakafa harufu. Nimesokota kama mtu anayeogopa. Nimewaambia wenzangu, huyu ni mtaalamu, tumsikie. Wawili wameniondokea, mmoja ni dada yangu wa tumbo moja."

"Naomba radhi, Bi Nerea."

"Radhi siwezi kuinywa."

Nikasogea karibu na simu.

"Jumamosi tunakaa," akaendelea. "Utawaambia wewe mwenyewe kwa simu. Mimi maneno yangu yamekwisha bei."

"Nitawaambia."

"Na ile ya kuchemsha maji pia."

"Ndiyo nitakayoanza nayo."

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka ndani ya masikio, mwavuli nimeusahau shuleni. Ajabu ni kwamba nilikuwa mwepesi. Bi Safaa amenikausha kichwa kwa kanga kama mtoto, huku akinitukana.

29 Mei

Mafua. Kwa siku mbili sitaweza kuonja kitu. Nimepata ninachostahili.

30 Mei

Saa nne asubuhi, sebuleni kwetu, mimi, Bochaberi na simu. Bi Safaa mlangoni akijifanya anachambua mchicha. Kule Nyamira wanawake wamekaa nyumbani kwa Bi Nerea, naye akiwatafsiria kwa Kikisii wale wasionielewa.

Nikaanza kama nilivyoahidi. Nikasema mimi si mwonja. Nikasema kazi niliyofanya. Nikasema kisima, chumvi, dumu chini ya ngazi, kopo la kwanza, chai ya Idd. Sikupamba. Nilipomaliza, mama mmoja mzee akauliza jambo kwa sauti kali, na chumba chote kule kikaangua kicheko.

"Anauliza nini?" nikamuuliza Bochaberi.

"Anauliza, kama huyu mzee ndiye aliyekuwa akichemsha maji, mbona hakuyauliza maji?"

Nikasema amesema kweli. Bi Nerea akatafsiri. Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimelainika.

Kisha mama yule yule akauliza la pili, na safari hii hakuna aliyecheka. Bi Nerea akatafsiri mwenyewe: "Anasema, hiyo hoteli nayo ina maji gani? Wasipojua kuyachemsha, si wataikataa chai yetu kama wewe? Basi tuambie. Maji ya chai huchemshwa vipi?"

Niliwaambia. Nadhani nilisema robo saa. Kwamba maji yatekwe muda huo huo, yasiwe yamelala birikani. Yasiwe na chumvi wala chokaa. Mahali yalivyo hivyo, yachujwe, au yatumike ya mvua. Yakifika kutokota kwa nguvu yaondolewe mara moja, maana yakiachwa yatokote sana huwa mafu na chai hufa nayo. Yasichemshwe mara mbili. Kikombe kipashwe moto kwanza. Kifuniko juu, dakika nne kwa mnywaji, sita kwa mwonja. Majani yatolewe, yasiachwe yakalala ndani. Wakauliza maswali. Mmoja alikuwa akiandika, nilisikia akisema ngoja, ngoja. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza hilo.

Simu ikakatika. Bochaberi akasema, "Hawauzi mashine. Watatengeneza upya kama kopo la kwanza." Na akaongeza kwamba dada wa mama yake alikuwepo, amesimama mlangoni, hakuingia, lakini hakuondoka. Yule mwingine hakuja.

3 Juni

Nimeandika karatasi ya kuchemsha maji, iende na sampuli ya hoteli. Nimeiandika mara saba. Bi Safaa ameisoma akasema imezidi maneno. Nimepunguza. Amesema tena imezidi. Nimemwachia kalamu.

5 Juni

Shikamoo imerudi ngazini.

9 Juni

Sampuli imetoka Nyamira leo. Mvua usiku kucha, mabeseni yamejaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeyatega.

13 Juni

Nimemuuliza Bi Safaa kuna nini kingine hapa nyumbani alichozoea. Akaniambia nikae, orodha ni ndefu. Tulianza na mto wangu wa kulalia. Tumecheka hadi Bochaberi akagonga sakafu kwa juu.

20 Juni

Bochaberi ameteremka ngazi mbili mbili. Hoteli imekubali. Si nyingi, ni kidogo kwa kuanzia, na watatazama. Lakini wamekubali, na meneja aliandika kwamba wapishi wake walifuata karatasi ya maji neno kwa neno. Bochaberi akamkumbatia Bi Safaa, wakazunguka jikoni kama wako harusini. Mimi nikapewa mkono. Ni zaidi ya nilivyotarajia.

28 Juni

Basi limeleta kifurushi: pakiti mbili za chai ya Nyamira, za karatasi ya kahawia, zimechapishwa vizuri. Nikazipeleka barazani kumwonyesha Ubaid, ambaye tangu Idd huniuliza kila jioni ya mkandaa i wapi. Akavaa miwani yake, akasoma mbele kwanza, kwa sauti, kama kawaida yake. Akageuza. Nyuma kulikuwa na maneno yangu ya kuchemsha maji, mistari saba, kama Bi Safaa alivyoyakata. Chini yake, kwa herufi ndogo, Ubaid akasoma: "Maelezo haya ni ya Bwana Ridhwani, Lamu, mchemsha maji."

Akainua macho juu ya miwani. Watu wawili barazani wakaacha mazungumzo yao.

"Mchemsha maji? Si ulikuwa mwonja?"

"Hapana, Ubaid. Miaka yote nilikuwa nikichemsha maji."

Akaitazama pakiti tena, akanitazama mimi, na nikajua jina langu la barazani limekwisha. Kisha akanyoosha kikombe chake kilichopoa.

"Basi kama ni kazi yako, umekaa wafanya nini?"

Nikainuka, na magoti yangu yote mawili, nikaingia ndani kuteka maji ya mvua.